Hati ya mlazo ya Bodoni: Herufi za madaha zinazopamba kadi na majarida

HATI ya mlazo ya Bodoni ni miongoni mwa herufi zinazotambulika upesi katika kazi za uchapishaji. Huonekana kwenye kadi za mialiko ya harusi, majalada ya majarida ya mitindo, vibandiko vya chupa za manukato na kurasa za mwanzo za vitabu vya mashairi. Hata hivyo, hati iyo hiyo ikitumiwa pasipofaa huwapa wasomaji taabu, hasa wazee na watu wenye uoni hafifu, kwa kuwa baadhi ya sehemu zake ni nyembamba mithili ya unywele.

Mjadala kuhusu uzuri wake na udhaifu wake umedumu kwa zaidi ya karne mbili. Ili kuuelewa, ni muhimu kwanza kuyafahamu maumbile ya herufi zenyewe, asili yake na kazi zilizokusudiwa kufanywa nazo.

MAUMBILE YAKE

Hati hii hutambuliwa kwa sifa tatu. Ya kwanza ni serifu, yaani vile vijistari vifupi vinavyomalizia ncha za herufi kama nyayo zinavyomalizia miguu. Katika hati za kale, serifu iliungana na mguu wa herufi kwa mkunjo wa taratibu, kama shina la mti linavyopanuka linapoingia ardhini. Katika Bodoni mkunjo huo haupo kabisa, au ni mdogo mno. Serifu ni mstari mwembamba ulionyooka, unaokutana na mguu wa herufi kwa ghafla.

Sifa ya pili ni tofauti kubwa baina ya sehemu nene na sehemu nyembamba. Mguu wa herufi kama vile “n” huwa mnene na mweusi ti, ilhali kiungo kinachouunganisha na mguu wa pili huwa chembamba kama uzi. Jicho la msomaji huona ukurasa unaometameta, weusi na weupe vikipokezana. Mng'ao huo ndio unaoipa hati hii sura ya fahari.

Sifa ya tatu ni mlazo wenyewe. Herufi huinamia upande wa kulia, lakini kuinama tu hakutoshi. Mlazo wa kweli hubadilisha hata umbo la herufi. Herufi “a”, ambayo katika hati wima ya vitabu huwa na paa juu ya tumbo lake, huliacha paa hilo na kubakia na tumbo na mguu tu. Herufi “f” hushuka chini ya mstari kwa mkia uliopinda. Herufi “v” na “w” hupata mikunjo, na ncha za baadhi ya herufi huishia kwa kitone cha mviringo kinachofanana na tone la wino. Alama ya “&”, iliyotokana na neno la Kilatini “et” lenye maana ya “na”, hupata umbo la madaha kiasi kwamba wachoraji wengi huitumia peke yake kama pambo.

Kompyuta inaweza kuziinamisha herufi za wima na kuzifanya zionekane kama za mlazo. Huo ni mlazo wa bandia. Herufi zake huwa zimevutwa upande tu, maumbo yake hayajabadilika, na sehemu zake nene huonekana zimepotoka.

ASILI YA MLAZO

Herufi za mlazo zilizaliwa nchini Italia. Mnamo 1501 mchapishaji Aldus Manutius wa mji wa Venice alitoa kitabu kidogo cha kazi za mshairi wa Kirumi, Virgil, kilichopigwa chapa kwa herufi za mlazo tangu mwanzo hadi mwisho. Herufi hizo zilichongwa na fundi Francesco Griffo kwa kuiga mwandiko wa haraka uliotumiwa na wasomi wa wakati huo. Kwa kuwa hati hiyo ilitoka Italia, lugha nyingi za Ulaya ziliiita kwa jina la nchi hiyo, na ndiyo maana Waswahili nao huitumia istilahi “italiki” sambamba na “mlazo”.

Inafaa kukumbuka kwamba wakati huo mlazo haukuwa msaidizi wa hati wima. Ulikuwa hati kamili iliyojitegemea, na kitabu kizima kiliweza kuchapishwa kwayo. Baadaye, katika karne ya 16, ndipo wachapishaji walipoanza kuziweka hati hizo mbili pamoja katika ukurasa mmoja, mlazo ukipewa kazi ya kutofautisha maneno machache na mengine.

KALAMU MBILI

Tofauti ya unene katika herufi ilianzia kwenye kalamu. Kalamu iliyokatwa ncha yake kwa upana hutoa mstari mnene inapovutwa upande mmoja na mwembamba inapovutwa upande mwingine. Kanuni hii inafahamika vyema hata katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha bapa ndiyo inayoipa hati ya Kiarabu unene na wembamba wake.

Kalamu iliyozaa mtindo wa Bodoni ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa na ncha kali iliyopasuliwa katikati. Mwandishi alipoikandamiza, ncha ilitanuka na kutoa mstari mnene. Alipoilegeza, ilijifunga na kutoa mstari wa unywele. Kwa hiyo unene haukutokana na pembe ya kalamu bali nguvu za mkono. Walimu wa miandiko wa karne ya 17 na 18 waliupenda mtindo huo, na wanakshi wa mabamba ya shaba wakauendeleza, kwani chombo chao cha kuchongea kiliweza kutoa mistari myembamba kuliko kalamu yoyote.

BODONI NA WENZAKE

Giambattista Bodoni alizaliwa 1740 katika mji wa Saluzzo, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wapiga chapa. Alipokuwa kijana alikwenda Roma na kufanya kazi katika kiwanda cha chapa cha idara ya Kanisa Katoliki iliyoshughulikia uenezaji wa dini. Huko alizoea herufi za lugha nyingi za mashariki. Mnamo 1768 aliitwa na mtawala wa Parma kuongoza kiwanda cha chapa cha dola hiyo, na akabaki mjini humo hadi kifo chake mwaka wa 1813.

Bodoni hakuanza na mtindo wake mwenyewe. Mwanzoni alitumia herufi zilizotoka kwa Pierre-Simon Fournier wa Paris, kisha akachonga za kwake kwa kuziiga. Kadiri miaka ilivyosonga, alipunguza mapambo, akanyoosha serifu na kuzidisha tofauti baina ya unene na wembamba.

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Nchini Uingereza, John Baskerville wa Birmingham alikuwa ametoa chapa yake ya kazi za Virgil mwaka wa 1757, akitumia wino mweusi zaidi na karatasi laini iliyoshindiliwa ili mistari myembamba ijitokeze bila kukatika. Nchini Ufaransa, Firmin Didot wa ile jamaa mashuhuri ya wapiga chapa alichonga herufi za mtindo huo katika miaka ya 1780. Hadi leo wataalamu hulinganisha Bodoni na Didot kama ndugu wawili: wa Ufaransa mkavu na mwenye vipimo vikali, wa Italia mwenye joto kidogo katika mikunjo yake.

Sifa za Bodoni zilivuka bahari. Mnamo 1787 Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia barua ya kumpongeza kwa herufi zake. Mnamo 1806 Bodoni alitoa kitabu chenye Sala ya Bwana katika lugha 155, kazi iliyodhihirisha wingi wa herufi alizokuwa nazo karakanani mwake.

Kazi yake kuu, Manuale Tipografico, ilitolewa 1818, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Mjane wake, Margherita Dall'Aglio, ndiye aliyesimamia kazi hiyo hadi ikakamilika katika mabuku mawili. Ndani yake mna seti 142 za herufi za Kilatini pamoja na mlazo wake, licha ya herufi za lugha nyingine kama vile Kigiriki, Kirusi, Kiebrania na Kiarabu. Katika utangulizi wake Bodoni alitaja mambo manne yanayoleta uzuri wa herufi: ulinganifu, unadhifu, uteuzi mzuri wa maumbo na haiba.

KAZI YA MIKONO

Wingi wa seti hizo una sababu. Zama hizo kila ukubwa wa herufi ulichongwa peke yake. Fundi alichonga umbo la herufi kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua, akakigongomea kwenye shaba ili kupata kalibu, kisha akamimina ndani yake risasi iliyoyeyushwa na kuchanganywa na madini mengine. Herufi moja ilipotolewa, mpiga chapa aliipanga pamoja na nyingine kwa mkono hadi ukurasa ukatimia.

Kwa kuwa kila ukubwa ulikuwa na chuma chake, fundi aliweza kuurekebisha. Herufi ndogo za matini alizipa mistari minene kidogo na nafasi kubwa zaidi ndani yake. Herufi kubwa za vichwa alizipa mistari myembamba kabisa. Elimu hiyo ilisahaulika kwa kiasi fulani pale kompyuta ilipowezesha mchoro mmoja kukuzwa au kupunguzwa bila kikomo. Mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya kichwa cha habari ukipunguzwa hadi ukubwa wa matini, mistari yake ya unywele hutoweka.

Baadhi ya wabunifu walitambua kasoro hiyo na kuirekebisha. Jonathan Hoefler wa Marekani, alipobuni hati ya Didot kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar mwanzoni mwa miaka ya 1990, alichora matoleo saba kwa ukubwa tofauti tofauti. Mnamo 1994 kampuni ya ITC ilitoa Bodoni yake kwa matoleo matatu: moja la maandishi madogo ya pointi 6, jingine la pointi 12 na la tatu la pointi 72. Katika kompyuta, pointi 72 ni sawa na inchi moja.

WALIOIPINGA NA WALIOIFUFUA

Si wote walioipenda. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza William Morris, aliyeanzisha kiwanda cha chapa cha Kelmscott mwaka wa 1891, aliishutumu vikali hati ya Bodoni. Kwa maoni yake, wembamba wa kupindukia na unene wa kupindukia katika herufi moja ulikuwa ukiukaji wa kanuni za kitabu kizuri. Morris alirudi kwenye herufi za Venice za karne ya 15, zilizokuwa na unene unaokaribiana.

Licha ya shutuma hizo, Bodoni ilifufuka katika karne ya 20. Kampuni ya American Type Founders ilitoa toleo lililochorwa na Morris Fuller Benton kuanzia takriban mwaka wa 1909. Nchini Ujerumani, kampuni ya Bauer ilitoa toleo la Heinrich Jost mwaka wa 1926, ambalo linasifiwa kwa jinsi mlazo wake ulivyokaribia ulaini wa herufi za Parma.

Majarida ya mitindo ndiyo yaliyoipa umaarufu mkubwa zaidi. Alexey Brodovitch, aliyesimamia sanaa katika Harper's Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958, aliziweka herufi za namna hii kando ya picha kubwa na nafasi tupu. Tangu hapo, macho ya wasomaji yamezoea kuhusisha hati hizo na mavazi, vito na manukato.

MATUMIZI KATIKA KISWAHILI

Katika maandishi ya Kiswahili, herufi za mlazo zina kazi zake maalumu, ziwe za Bodoni au za hati nyingine. Hutumiwa kuandika majina ya vitabu, magazeti, filamu na tamthilia. Vilevile hutumiwa kwa maneno ya kigeni ambayo bado hayajazoeleka, kwa majina ya kisayansi ya viumbe, kama vile Panthera leo ambalo ni jina la simba, na kwa neno ambalo mwandishi anataka litiliwe mkazo. Katika vitabu vya isimu, neno linalotolewa kama mfano aghalabu huwekwa kwa mlazo ili lisichanganywe na maelezo yanayolizunguka.

Katika mwandiko wa mkono, ambapo ni vigumu kutofautisha mlazo na wima, mstari hupigwa chini ya neno badala yake. Aidha, sentensi nzima inapokuwa kwa mlazo, neno linalostahili kutofautishwa hurejeshwa kwenye wima. Kinachotakiwa ni tofauti. Aya nzima, au ukurasa mzima, ukiwekwa kwa mlazo, hakuna kinachotofautishwa na chochote.

Hati ya Bodoni inafaa zaidi pale maneno yanapokuwa machache na ukubwa wake kuwa wa kutosha: majina ya maarusi kwenye kadi, anwani ya shairi, nukuu fupi iliyotengwa katikati ya ukurasa, jina la bidhaa au kichwa cha makala ya sanaa.

TATIZO LA VIJITI

Kiswahili kina tatizo lake la pekee na herufi za namna hii. Maneno mengi ya lugha hii yamejaa herufi “m”, “n”, “u” na “i”, ambazo zote hujengwa kwa miguu iliyosimama. Neno kama “nimeinunua” lina miguu 15 kwenye herufi hizo pekee. Katika hati yenye unene unaokaribiana, viungo vya juu na vya chini huonekana, na jicho hutambua kuwa hii ni “n” na ile ni “u”. Katika Bodoni yenye maandishi madogo, viungo hivyo ni uzi mwembamba. Vikififia, kinachobaki ni safu ya vijiti kama ua wa fito, na msomaji hulazimika kukisia.

Jambo jingine ni ritifaa katika maneno kama “ng'ombe”, “ng'ambo” na “kung'oa”. Alama hiyo ndiyo inayotenganisha sauti mbili tofauti, na pengine hata maana. Kwenye mlazo wenye herufi zilizobanana, ritifaa inaweza kugusana na herufi inayofuata au kupotea kabisa. Baadhi ya programu za kompyuta pia huigeuza na kuweka alama ya kufungulia nukuu mahali pake. Msahihishaji makini huikagua kila mara kabla ya kazi kupelekwa mtamboni.

KARATASI, WINO NA KIOO

Mafanikio ya hati hii hutegemea sana kinachochapiwa. Karatasi laini ya majarida huushika wino pale ulipowekwa, na mistari ya unywele hubakia safi. Karatasi ya magazeti hufyonza wino na kuutawanya. Herufi nyeusi hunenepa kidogo, lakini herufi nyeupe zilizoachwa ndani ya mandhari nyeusi hupata hasara, kwani wino hutambaa na kuifunika mistari myembamba. Ndiyo maana magazeti mengi hutumia herufi zilizo imara zaidi kwa habari zake. Gazeti la The Times la London, mathalani, lilianza kutumia Times New Roman mwaka wa 1932, hati iliyobuniwa kwa kuzingatia mahitaji ya gazeti.

Fotokopi nayo ni adui wa Bodoni. Nakala ikitolewa kutoka kwa nakala nyingine, mistari myembamba hukatika na herufi “e” huanza kufanana na “c”. Hili si jambo dogo. Ratiba za mazishi, barua za shule kwa wazazi na matangazo ya mikutano ya chama aghalabu husambazwa kwa fotokopi. Nyanya anayeshindwa kuusoma wasifu wa marehemu, au mzazi anayesoma tarehe isiyo sahihi, hafaidiki kwa madaha ya herufi.

Kwenye vioo vya kompyuta za zamani, ambavyo vilikuwa na pikseli chache, mlazo wa namna hii ulionekana kama ngazi zilizovunjika. Simu za kisasa zina vioo vyenye pikseli nyingi zaidi, na herufi za Bodoni huonekana safi zikiwa kubwa. Hata hivyo, mwangaza wa jua ukipiga kioo, au msomaji akiwa na tatizo la macho, wembamba wake hubaki kuwa kikwazo kile kile.

NAMNA YA KUICHAGUA

Mtu anayetaka kuitumia hati hii hahitaji gharama kubwa. Zipo fonti huria za mtindo huo, zikiwemo Bodoni Moda, pamoja na Playfair Display iliyobuniwa na Claus Eggers Sørensen wa Denmark na kutolewa 2011. Zote zina mlazo wa kweli, na zinaweza kutumiwa bila malipo hata katika kazi za biashara.

Yapo mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, fonti ichaguliwe kwa mujibu wa ukubwa: toleo la vichwa lisitumiwe kwa matini. Pili, faili ya mlazo ihakikishwe kuwa ipo, kompyuta isije ikaunda mlazo wa bandia. Tatu, maandishi yasipangwe kwa herufi kubwa tupu za mlazo, kwani husomeka kwa shida. Nne, maelezo ambayo msomaji hawezi kuyakosa, kama vile tarehe, saa, mahali, nambari ya simu na kipimo cha dawa, yawekwe kwa hati wima iliyo imara.

Tano, na la muhimu zaidi, kazi ichapishwe nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kisha apewe mtu mzee aisome katika mwanga wa kawaida wa nyumbani. Akikwama mahali, herufi ziongezwe ukubwa au zibadilishwe.

Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bodoni aliuelewa ukweli huo alipochonga upya kila ukubwa wa herufi zake, akizinenepesha zile ndogo ili zisipotee machoni. Anayechagua fonti leo kwa ajili ya kadi ya mwanawe au kitabu cha mashairi anaweza kufuata desturi hiyo, kwa kumwangalia kwanza yule atakayesoma.